Paka akikataa kula, tuangalie kinywa chake, kisha tuangalie jiko letu

Ilikuwa siku ya Mungu, asubuhi. Tulikuwa watu watatu wa komite ya sindika, tunakunywa chai hapa Mulongwe, telefone ikalia. Ni bibi ya komredi wetu mmoja anayechimba zahabu kule Misisi, familia yake inakaa Kavimvira. Mioyo yetu ilishituka, juu telefone ya bibi ya mchimbaji siku ya Mungu asubuhi mara mingi ni habari ya shimo kuanguka.

Kumbe hapana. Bwana yake alikuwa amerudi siku ya nne, alikuwa anajipumuzisha mu chumba.

«Bazee, musinicheke,» alisema. «Ni paka ya nyumba. Inakataa kula, leo siku ya mbili. Ile paka haijakataa samaki hata siku moja. Jirani anasema ni bulozi. Miye niko na woga, juu bwana alichoma zahabu siku ya tano hapa mu jiko.»

Basi, hatukucheka. Mmoja wetu alijaribu kidogo, kisha akanyamaza. Mchimbaji anayeacha familia miezi mitatu anaacha pia gunia ya maharagi na unga ya muhogo, na mlinzi wa hiyo gunia ni paka. Nyumba bila paka hapa Uvira, panya wanakula mbele ya watoto. Na zaidi: sisi wenyewe miaka yote tunasema mu mikutano kama zebaki, ile merkiri ya ku karyera, si ya kuchoma mu nyumba. Tulisimama na kwenda. Ukweli, tulienda na hukumu tayari mu mfuko: zebaki ndiyo imeua hamu ya paka. Tulikuwa tunatafuta tu mahali pa kuitangazia.

Tulipofika, tulimkuta paka chini ya meza. Watoto wanamuita Komanda, juu anatembea na kifua mbele. Siku ile hakuwa komanda wa mtu. Manyoya yamesimama, mate yanatoka kidogo pembeni ya kinywa. Mama alimwekea kichwa cha mukeke mu sahani. Paka akakaribia, akanusa, akafungua kinywa, kisha akarudi nyuma haraka sawa mtu aliyeshika chuma cha moto. Akajipiga shavu na mkono wa kuume. Akarudi tena kunusa. Tuliona ile kitu kwa macho yetu sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa.

Sisi tulikuwa tayari tunauliza maswali yetu.

«Mama, ile dawa ya zahabu iko wapi?»

«Iko mu kabati.»

«Kabati gani?»

Alifungua. Chupa ndogo ya plastiki, ndani yake ile maji mazito yenye kung'aa, imewekwa kati ya chumvi na sukari. Mbabula iliyotumika kuchoma ni ileile inayopikiwa bugali. Jiko halina dirisha. Na mama mwenyewe yuko na mimba ya miezi mitano.

Mwenye nyumba aliamka juu ya sauti zetu. Hakufurahi. «Bakubwa, munakuja kwangu juu ya paka, kisha munageuza mukutano?» Alisema anachoma hapo juu ya usalama: ukichoma inje, kila mtu anajua uko na zahabu, na usiku wanakuja kugonga. Hatukuwa na jibu ya haraka. Mtu wa Uvira anajua kwamba huyo hakusema uongo.

Yule aliyetutoa mu ile aibu ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya veterineri miaka mingi, anatunza ng'ombe za watu kutoka hapa mpaka Sange. Tulimuita, alikuja na kinga na kipande cha kitambaa kigumu. Sisi tukaanza kumuelezea zebaki. Akainua mkono.

«Kwanza muniambie: paka hii ilipigwa sindano ya kichaa cha mbwa?»

Mama akajibu ndiyo, mwaka huu, na karatasi iko.

«Imeumwa na mbwa ao paka ingine? Imebadilisha tabia? Inakimbia mwangaza, inashambulia watu?»

Hapana kwa yote.

Akatuuliza tena kama kuna mtu kati yetu aliyekwisha kuingiza kidole mu kinywa cha paka. Mtoto mkubwa wa nyumba, miaka kumi na moja, akainua mkono polepole. Mzee hakumgombeza, lakini tuliona uso wake. Aliangalia kila kidole cha mtoto, akamuuliza kama aling'atwa. Hakung'atwa.

Hapa tunaomba kila nyumba isome vizuri. Mnyama mwenye kichaa cha mbwa anaweza kukataa kula, kutoa mate, kushindwa kumeza, na kuonekana sawasawa na mnyama mwenye mfupa mu koo. Watu wenye huruma wanaingiza mkono ili kutoa mfupa usiokuwepo, na ile ndiyo njia ugonjwa unaingia. Kichaa kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa ya kumrudisha. Kwa hiyo paka asiyepigwa sindano, anayekataa chakula na kutoa mate, usimguse kinywa. Mfungie mahali peke yake, ita mtu wa nyama. Kama amekung'ata ao amekukwaruza, osha na maji yenye kutiririka na sabuni dakika 15, bila kungoja, kisha uende hospitali siku ileile kutafuta sindano. Usingoje uone kama paka atakufa.

Baada ya kuuliza yote hayo, mzee akavaa kinga, akamfunga Komanda mu kitambaa sawa mtoto mchanga, akamfungua kinywa karibu na mlango penye mwangaza. Mfupa wa samaki. Ulilala ngambo kwa ngambo juu mu kinywa, umebanwa kati ya meno makubwa ya upande huu na upande ule. Akautoa na kibano, pu! Watoto wakapiga mikono. Damu kidogo. Nusu saa, Komanda alikuwa anakula ndagala laini polepole, na mwenye nyumba alikuwa anatuangalia sisi watu wa zebaki na macho ya kucheka.

Tulikaa chini kwenye baraza. Mzee alitufundisha mambo mpaka jua likapita katikati, na tunayaandika hapa juu wengi wenu muko na paka na hamna mtu wa kuuliza.

Kwanza, akasema, tenganisha vitu viwili: paka asiyetaka kula, na paka anayetaka lakini hawezi. Huyu wa pili anakwenda ku sahani, ananusa, anajaribu, anaacha, anajipiga mdomo, anatafuna upande mmoja. Tatizo liko mu kinywa: mfupa, jino bovu, kidonda ku ulimi, uzi uliozunguka. Yule wa kwanza hata samaki ukimwekea mbele ya pua anageuza kichwa. Hapo tatizo liko mu mwili, ao mu nyumba. Sisi tulikuwa tumeona Komanda anajaribu na kurudi nyuma, jibu lilikuwa mbele yetu, lakini macho yetu yalikuwa ku kabati.

Tukamuuliza siku ngapi za kungoja. Paka si mbwa, alisema. Mbwa anaweza kukaa siku bila kula, akaamka kesho yake sawa hakuna kitu. Paka mkubwa akipitisha siku moja nzima bila kuonja kitu, anza kumfuata; zikifika mbili, tafuta msaada. Zaidi kama alikuwa mnene, juu mafuta ya mwili yanakimbilia ku maini, maini yanajaa na kushindwa kazi, na hapo paka hatataka kula hata kama ugonjwa wa kwanza umeisha. Fizi zikigeuka rangi ya njano, jua hali imekuwa mbaya. Kitoto cha paka usingoje hata siku.

Lakini hapa kwetu ku ziwa, mzee akasema, kabla ya kulia ugonjwa angalia mbingu. Wavuvi wa ndagala wanafanya kazi usiku na lampe. Mwangaza unavuta samaki juu. Mwezi ukiwa mzima na mbingu nyeupe, lampe hazina nguvu, mitumbwi inapumuzika karibu wiki. Ku soko ya Kalundu ndagala mbichi zinakosa, bei inapanda, na paka wa Uvira nzima anabadilishiwa chakula bila kuulizwa: jana samaki mbichi, leo bugali na mchuzi wa sombe. Anakataa. Watu wanasema amelogwa. Hajalogwa, ameona sahani. Ni hivyo pia mvua ikiharibu safari za usiku, ao serikali ikifunga uvuvi, sawa Tanzania ilivyofunga upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wazaane.

Paka hawezi kuishi na bugali. Tumbo lake ni la nyama na samaki. Kuna kitu mu nyama kinacholinda macho na moyo wake, na mwili wake haujui kukitengeneza vya kutosha. Siku za mwezi mkubwa, mwekee akiba ya ndagala kavu, lakini loweka kwanza mu maji umwage ile maji, juu chumvi ni mingi. Na mchuzi wenye vitunguu usimpe kabisa, vitunguu vinavunja damu ya paka.

Kisha akasema jambo ambalo hatukulisikia tangu tuzaliwe karibu na ziwa. Samaki mbichi tu, kila siku, inaweza pia kuleta shida. Samaki wengi wa jamaa ya sardini, na ndagala ni wa jamaa hiyo, wanabeba mu mwili kitu kinachokula vitamini B1. Paka anayekula samaki mbichi peke yake wiki na wiki anaweza kupungukiwa na hiyo vitamini, na dalili ya kwanza ni ileile: hamu ya kula inapotea. Ukikawia, anatembea kama mlevi, kichwa kinainama mpaka kidevu kinagusa kifua, kisha anapigwa na kifafa. Kupika kunaharibu kile kitu. Kwa hiyo chemsha. Paka mwenye B1 kidogo, akipigwa sindano ya vitamini mapema, anaweza kuamka haraka mpaka watu waseme ni muujiza.

Juu ya sumu ya panya alikaa muda mrefu, na sisi pia tutakaa. Ku soko wanauza mbegu za rangi na pakiti bila jina. Kuna ile inayozuia damu kuganda: panya anakula leo, anakufa siku kadhaa baadaye, na kati ya hizo siku anatembea polepole, mlaini, chakula kizuri cha paka. Paka naye anakaa siku mbili, tatu, tano akiwa mzima. Halafu hamu inapotea, anachoka, fizi zinakuwa nyeupe sawa karatasi, anapumua kwa shida. Vitamini K1 inaweza kumuokoa kama haukukawia. Kuna sumu ingine ya haraka: saa moja tu, mate, kutetemeka, kuharisha, kuanguka. Paka wa namna hiyo anakufa mbele ya macho yako. Sasa ufikiri: mbegu hizo ziko mu nyumba ya nani, karibu na unga ya nani, mbele ya mtoto gani? Mzee alisema amekwisha kuona nyumba ambayo kifo cha paka ndicho kilichowafanya wazazi wasukume gunia na kukuta mbegu za rangi zimemwagika fasi mtoto mdogo anatambaa. Jirani ndiye aliyeziweka, nia yake nzuri, kusaidia.

Na dawa? Mama wengi wanaona paka hali, wanavunja nusu ya paracetamol wanaichanganya na maziwa. Musifanye. Maini ya paka hayawezi kuvunja paracetamol. Kidonge kimoja kinatosha kumuua, fizi zinageuka rangi ya kahawa, uso unavimba. Aspirini pia apana, kama hakuna munganga aliyekupimia.

Kuhusu paka anayeanza kula sana ghafla alisema haraka-haraka, juu chai ilikuwa imefika. Jike anayekula maradufu, angalia tumbo ao chuchu. Anayenyonyesha ana haki ya sahani mbili, tatu. Paka kijana anayekula na kubaki mifupa, tumbo kubwa: minyoo, tafuta dawa yake, na watoto waoshe mikono. Paka mzee anayekula sana huku anakonda, ao anakunywa maji sana, ni ugonjwa wa ndani, koo ao sukari. Na yule anayekula kidogo kwako lakini ananenepa, hana ugonjwa. Ana nyumba ya pili.

Paka naye anachukia kuhamishwa. Baada ya Mulongwe kufurika usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, familia zilizolala mu masomo na kwa majirani ziliona paka wao wanajificha na kukataa chakula. Mnyama anafuata fasi. Ukimuweka kona moja tulivu, na kitambaa chenye harufu ya nyumba ya zamani, anarudi polepole. Hata bwana akienda karyera, kuna paka anayekaa siku moja ku mlango bila kula.

Wakati mzee alinyamaza, mwenye nyumba akasema: «Basi munaona, zebaki haina kosa.»

Ndipo tulipomuelezea habari ya Minamata. Tunaiandika pia hapa, juu inaanza na paka.

Minamata ni mji wa wavuvi huko Japani. Mu miaka ya 1950, paka wa pale walianza kutoa mate, kutetemeka, kuzunguka na kuruka kama vichaa. Wengine walianguka mu bahari. Watu waliita ugonjwa wa paka kucheza. Panya wakaongezeka kwenye vijiji, juu paka walikwisha. Tarehe 1 Mei 1956, siku yetu ya wafanyakazi, hospitali ya kiwanda cha kampuni Chisso ilitangaza ku ofisi ya afya kwamba kuna watoto wenye ugonjwa usiojulikana wa ubongo. Ni uleule. Kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki mu bahari. Ilikuwa ya namna mbaya zaidi, inaingia mu samaki, samaki anaingia mu paka na mu mtu. Paka alianguka mbele juu ni mdogo na anakula samaki kila siku. Watoto walizaliwa na ulemavu, mama zao wakionekana wazima.

Daktari wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, alichukua paka aliyepewa namba 400, akamchanganyia chakula na maji machafu ya kiwanda. Mu Oktoba 1959 yule paka akapata ugonjwa uleule. Kampuni ikamzuia asiendelee na ikaficha matokeo. Daktari alisema ukweli mbele ya mahakama mu 1970, akiwa kitandani, mgonjwa sana. Na sindika ya wafanyakazi? Mu 1968 walitoa tamko la haya, kusema kwamba walikaa miaka bila kupigania wagonjwa. Sisi wa sindika tukisoma hiyo, tunainamisha kichwa.

Zebaki ya zahabu yetu inaanza njia ingine. Ukiichoma, inatoka kama mvuke usio na rangi wala harufu. Unaingia mu mapafu, unakwenda mu damu, mu ubongo, na kwa mama mwenye mimba unafika kwa mtoto. Unaobaki unashika ku ukuta na ku manjanja, na joto linautoa tena polepole. Mbabula yenyewe inabaki nayo. Kutetemeka mikono, kusahau, hasira, kukosa usingizi, hata kukosa hamu ya kula: wachimbaji wengi wanafikiri ni uchovu wa shimo. Hatukumwambia Komanda amepata hiyo. Alikuwa na mfupa, basi. Tulimwambia tu mwenye nyumba kwamba paka wake analala pembeni ya mbabula, na mtoto wa mwisho analala pembeni ya paka.

Hakujibu. Bibi yake ndiye aliyejibu: «Papa wa watoto, ile chupa itoke leo.»

Mjadala ulikuwa mrefu. Alikubali chupa itoke, ifungwe mu chombo kingine, iende mbali na chakula. Hakukubali kuchoma inje. Woga wa wezi uko palepale. Tulimuonyesha kile chombo cha kufunga cha chuma chenye mrija, ambamo mvuke unapoa na zebaki inarudi tone kwa tone, akaitumia mara ingine. Hapo akasikiliza, juu ni makuta inayorudi. Kimoja kipo kwa wenzetu wa komite. Tumekubaliana atakichukua siku atakaporudi Misisi, achome kule ku upepo, mbali na watu, asilete tena zahabu mbichi Kavimvira. Ile mbabula ya zamani mama hakungoja ruhusa, aliitoa kesho yake na kununua mpya, franka yake ya soko.

Juma iliyofuata tulipiga telefone kuuliza habari. Mama alisema Komanda anakula, mifupa ya mukeke sasa wanaitoa kwanza, na panya wamepungua. Halafu akauliza kama tuko na namba ya mama wengine watatu wa kule Kilomoni ambao bwana zao wanachoma mu nyumba, juu anataka kwenda kuwaona yeye mwenyewe.